Vigelegele vya Nguchiro Wakati wa Mvua

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na wakwe, na majirani wa kuwanunia, palikuwa na mtelemko kando ya mto. Kiboko alikaa juu, kwenye kiwanja alichoachiwa na mjomba wake. Nguchiro alikaa chini, mto unapopinda, ndani ya kichuguu cha zamani, yeye na wanawe.

Nguchiro mnamjua? Kimnyama chembamba, hakitulii, jicho moja mbele, jingine nyuma. Huyu wetu alikuwa mjane, na mwanawe wa mwisho, Kitinda, alikuwa na kifua kibovu. Akilala pabichi, atakohoa mpaka kuche.

Siku moja Kiboko akapata habari njema. Binti yake ameposwa! Wakwe watavuka mto kuja harusini. Kiboko akatazama kiwanja chake, akaona matete yamejaa ukingoni na mashimo ya matope kila mahali. Aibu ikamshika.

"Wakwe waione nyumba yangu tangu wakiwa majini!" akasema. "Nataka uwanja wa ngoma, mgumu kama sakafu!"

Akamwita shemeji yake, Ndovu. Matete yakang'olewa, chwa! chwa! Mashimo yakafukiwa. Kisha wakamwaga udongo wa mfinyanzi na samadi, wakaanza kuukanyaga wote wawili, pu! pu! pu! Uwanja ukakauka, ukang'aa. Ukidondosha punje ya mtama, inaruka.

Basi mvua ya kwanza ya vuli ikaja. Cha, cha, cha... shwaaaa!

Zamani maji yakianguka pale yalikuwa yanapotea. Mengine yananywewa na ardhi, mengine yanakaa mashimoni, mengine yanakamatwa na matete. Safari hii yakatafuta pa kuingia, hayakupaona. Yakashika mtelemko, mbio, mpaka mlangoni kwa Nguchiro. Hata hodi hayakupiga.

"Mama! Kitanda kinaelea!"

Nguchiro akawabeba wanawe mmoja mmoja mpaka juu ya kichuguu, akawafunika kwa ungo mbovu. Kitinda akaanza, koho! koho! koho! Mama yake akamkumbatia, moyo unamwuma.

Asubuhi akapanda kwa jirani.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, Mama Kitinda. Umeuona uwanja wangu?"

"Nimeuona, mzee. Na maji yake nimeyaona, yamelala kitandani kwangu. Nakuomba, rudisha japo yale mashimo ya ukingoni, maji yapate pa kukaa. Mwanangu mgonjwa."

Kiboko akacheka mpaka mashavu yakamtikisika. "Nichimbe mashimo, wakwe zangu watumbukie? Thubutu! Maji hufuata mkondo, mama. Hama wewe!"

Nguchiro akalia pale pale. Alilia kwa uchungu wa kweli, wala si kwa hila. Kiboko akapiga miayo, akaingia ndani.

Nguchiro akarudi, akaketi mbele ya mlango wake. Maji yalikuwa yameacha tuta la udongo mweusi, laini kabisa. Akautazama. Akauponda kwa kidole. Mara akamkumbuka Nyati.

Nyati alikuwa na shamba huko juu ya mto. Mwaka mmoja mto ulilimega, ukaja kuutua udongo wake kwenye kiwanja cha Kiboko. Nyati alipokuja kuudai, Kiboko alifungua lile domo lake, akamsomea mila ya mto: "Udongo ni wa pale ulipolala!" Wazee wakakubali, maana mila ndiyo hiyo. Nyati akaenda zake mikono mitupu.

"Ahaa!" akasema Nguchiro. Akapangusa machozi.

Siku zikapita, mvua nyingine ikashuka, na maji yakaja kwa fujo ile ile. Nguchiro akawapandisha wanawe juu ya kichuguu. Lakini safari hii akasimama, akavuta pumzi, akapiga vigelegele.

"Ariririririii! Karibuni, wageni! Karibuni nyumbani! Ariririii!"

"Mama, umepatwa na nini?" wakauliza watoto, meno yanagongana.

"Pigeni makofi! Nawe Kitinda, piga, upate joto!"

Kule juu Kiboko akasimamisha masikio. Jirani afurahi, naye asijue kwa nini? Hakuweza kuvumilia. Akashuka kwenye mvua, akiteleza, pwaa! akiinuka.

"Mama Kitinda! Nani kaolewa huku?"

"Hakuna aliyeolewa, mzee. Shamba langu ndilo linaingia!"

"Shamba gani? Wewe una shamba?"

"Hilo hapo!" Nguchiro akaonyesha lile tuta. Lilikuwa limenenepa, limetambaa hadi kwenye kona ya mto, na juu yake mchicha umechipua. "Udongo wote huu umetoka kwako. Hata mbegu za mchicha ni za jikoni kwa mkeo. Siku ile nililia kwa ujinga tu, mzee, unisamehe. Maana udongo ni wa..."

"...pale ulipolala," Kiboko akamalizia.

"Ila nina ombi dogo. Ule udongo wa karibu na mlango wako bado unasitasita. Ungeukanyaga kidogo, uinamie huku kwangu. Nikivuna mahindi, nitakuletea mawili uchome."

Kiboko alipanda mtelemko mbio, akaenda kuchungulia ukingo wa uwanja wake. Lo! Maji yalikuwa yameutafuna, yamechimba korongo, na korongo lenyewe linaelekea nyumbani.

"Mke wangu!" akapiga kelele. "Nguchiro anatuhamisha tukiwa ndani!"

Ndovu akaitwa tena. Wakachimba mashimo makubwa ukingoni. Wakainua makinga maji, matuta ya kukata mtelemko. Nusu ya uwanja, upande wa chini, wakaivunja ile sakafu, wakamwaga changarawe. Badala ya matete waliyoyang'oa, wakaenda kutafuta mengine, wakayapanda.

"Shemeji," Ndovu akauliza, jasho linamtiririka, "si ulisema wakwe watatumbukia?"

"Watumbukie! Udongo kwanza!"

Siku ya harusi ikafika, na mvua nayo ikaja bila kualikwa. Shwaaaa! Maji yakateremka, yakaingia mashimoni, bwabwabwa. Mengine yakazama kwenye changarawe. Yaliyobaki yakanaswa na matete, tii! Kiboko akaiacha ngoma, akawaacha na wakwe, akashuka chini kwenda kutamba.

"Mama Kitinda! Leo umepata nini? Hupati hata punje!"

Nguchiro akatoka mikono kichwani. "Uwi! Uwiii! Mzee, umeniua! Shamba langu mimi!"

Mara kutoka ndani kikasikika kicheko chembamba, kisha sauti ya Kitinda: "Mama, leo kitanda kikavu! Tuendelee kulia, au basi?"

Nguchiro akashusha mikono.

Kiboko akainama, akachungulia. Akaona kitanda kikavu na watoto wamejifunika shuka. Akageuka kuyatazama mashimo yake kule juu, kisha akamtazama jirani yake.

"Mama Kitinda, umenichimbisha."

"Nimekuchimbisha, mzee. Nilikuja kwako nikilia, ukacheka. Nikacheka, ukachimba. Ningefanyaje?"

Kiboko akafungua lile domo ili atukane. Kitinda akatoa kichwa mlangoni.

"Shikamoo, babu."

Kiboko akalifunga domo. "Marahaba," akajibu polepole. "Na kifua chake?"

"Sasa kitapona."

Kiboko akakohoa, ingawa kifua chake kilikuwa kizima. "Haya, njooni ngomani nyote, mle mshibe. Na huo mchicha uuchume uje nao, wapishi wameishiwa mboga."

"Mchicha wa nani, mzee?"

"Wa pale udongo ulipolala!" akasema Kiboko, akacheka mpaka mashavu yakamtikisika, na safari hii walicheka wote. Kisha akambeba Kitinda mgongoni, wakapanda, wakiyazunguka mashimo kwa uangalifu, maana baba wa bwana harusi alikuwa ndani ya moja, anaoga, anasema hajapata kuona ukarimu kama ule.

Hapo hadithi yangu nimeifikisha nchi kavu. Maji mnayoyafukuza uani kwenu, wanangu, yana mlango wa mtu yanakokwenda.