Jiwe Lililomwisha Magadula Mikononi

Haya, niwape nisiwape?

Tupe, bibi!

Nimpe nani?

Tupe sisi!

Basi sogezeni ungo, mmenye karanga huku mnasikiliza. Atakayekula karanga zangu namwacha katikati ya kisa, ajitafutie mwenyewe njia ya kurudi. Doto, nimekuona.

Ilikuwa kale, kale ya bibi wa bibi yangu, wakati vilima hivi vilikuwa vinatoa moshi kila kiangazi. Si moshi wa kuchoma mashamba, ni moshi wa matanuri. Wanaume wa hapa waliyeyusha chuma, wake zao walifinyanga vyungu. Mwanamume hakugusa udongo wa chungu, mwanamke hakusogelea tanuri la chuma. Ndivyo walivyoishi. Msiniulize kwa nini, sikuwepo.

Basi palikuwa na mwanamke akiitwa Nkwimba. Mfinyanzi, tena mfinyanzi kweli. Akitaka kuujua udongo anauonja. Anaugusa kwa ncha ya ulimi, anafumba macho, anakwambia: huu una mchanga, huu una chumvi, huu ukiuchoma utapasuka. Na hakosei. Mumewe alikuwa Magadula, fundi mkuu wa tanuri, mtu mwema lakini mbishi! Mbishi kuliko hata huyu Doto wangu. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Jilala, kijana mrefu, mcheshi, mwenye pengo hapa mbele.

Jilala akaenda na msafara kuuza majembe, huko jua linakozama. Msafara ulikwenda, msafara ukarudi, Jilala hakurudi. Wenzake walisema alishikwa na homa njiani, wakamwachia maji na kibuyu cha unga kwenye kibanda cha majani. Walipopita tena, kibanda hakipo, na yeye hayupo. Hata mahali penyewe hawakupatambua sawasawa.

Sasa tegeni masikio, maana kisa chote kimekaa hapa. Desturi ya watu wale ilikuwa hivi: mtu akifia mbali, jamaa zake huletewa jiwe kutoka alikofia. Jiwe linaoshwa kama maiti anavyooshwa, linafungwa ngozi, linazikwa uani. Hapo ndipo matanga yanapoanuliwa. Bila jiwe hakuna kaburi. Bila kaburi mama halali kitandani, wala hawashi moto kwa mkono wake. Mfinyanzi asiyewasha moto, wajukuu zangu! Jikoni aliwashiwa na jirani, lakini vyungu vyake vilikaa vibichi ukutani, mjusi akitembea juu yake.

Mwaka wa kwanza, hakuna jiwe. Wa pili, hakuna jiwe. Wa tatu, hakuna jiwe. Na kila jioni Nkwimba alimega tonge la ugali, akaliweka kando kwenye kibakuli.

"Akirudi akute," anasema.

Asubuhi tonge linaliwa na kuku.

Mwaka wa nne, mchana kweupe, Nkwimba yuko bondeni anachimba udongo, mara mbingu ikapiga kishindo. Gu-du-gu-du-gu! Si mawingu, si mvua. Akainua macho, akaona moto unakuja kutoka upande wa jua linakozama, unavuta moshi nyuma yake. Puu! Hatua ishirini kutoka aliposimama. Watu walikimbilia vichakani. Yeye akaenda kuangalia. Mtu aliyefiwa na mtoto wa pekee ataogopa nini tena?

Lilikuwa jiwe, kubwa kama mtungi wa maji, limevunjika vipande. Alidhani litamuunguza, kumbe lina uvuguvugu tu. Nje lilikuwa na ganda jembamba jeusi, kama chini ya chungu. Ndani nako jeusi, jeusi la masizi, lina punje ndogondogo za mviringo kama uwele, na mishipa myeupe. Jepesi. Ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga.

Naye akafanya nini?

Akaonja!

Ehee, mnamjua sasa. Akaonja. "Chumvi," akasema. "Masizi." Kisha akalipumulia kwa karibu, na pumzi yake ilipolilowesha likatoa harufu ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza. "Udongo," akasema. "Udongo uliowahi kunywa maji."

Yule mjukuu wangu mkubwa, aliyesoma mjini, ananiambia mawe ya namna hiyo yapo. Eti ni vumbi lililoshikana huko juu kabla dunia haijawa dunia, lina barafu ndani yake. Barafu ikayeyuka, maji yakaligeuza vumbi udongo, na masizi ya huko huko yakabaki humo. Nikamwambia, kumbe miaka yote hiyo ya shule ulikuwa unajifunza kitu ambacho Nkwimba alikijua kwa ulimi!

Haya. Nkwimba akakumbatia vipande vile akilia. Limetoka alikokwenda mwanangu, akawaza. Limetoka mbali kuliko alikokwenda, basi lazima limepita kwake. Ndilo jiwe lake.

Magadula naye akafika, anahema. Akaona vichembe vinavyometameta ndani ya ule weusi.

"Mama Jilala! Chuma! Chuma cha mbinguni!"

"Baba Jilala, huu ni udongo."

"Udongo unaruka?"

"Sijui kama unaruka. Najua ni udongo. Nipe nikamzike mtoto."

Magadula akageuza uso, maana na yeye alikuwa na lake moyoni. "Kuzika, kuzika! Mimi sitaki kumfukia. Nitafua jembe, nitaliita Jilala, nitalishika kila siku ya Mungu."

"Mtoto wangu si jembe."

Hakusikia. Nimewaambia alikuwa mbishi. Akaita wenzake, wakabeba vipande hadi kwenye tanuri. Lakini kipande kimoja, cha kiasi cha ngumi, Nkwimba alishakificha kwenye mkunjo wa nguo yake.

Wakapanga makaa, wakapanga jiwe. Mivukuto ikalia: fu-fu, fu-fu! Mchana kutwa. Ukatoka moshi mzito unaonuka kama nywele zinaungua, watu wakaziba pua. Walipobomoa tanuri hawakukuta chuma. Mavi ya chuma tu, meusi, yana matundu, hata nyundo hayatamani.

Magadula akakaa chini palepale. Akasema, "Nimemchoma mwanangu." Akarudia, "Nimemchoma mwanangu." Wenzake wakaondoka mmoja mmoja.

Siku tatu hakula. Siku ya nne, Nkwimba yuko bondeni, Magadula akawa anatafuta chumvi ndani ya nyumba, na chini ya kapu la mtama akakiona kile kipande. Jamani, furaha yake! Limebaki! Akajisemea: nilimkosea mama yake, leo nitamtengenezea. Nitamwosha mimi, baba yake, kwa mkono wangu, mama yake akirudi akute tayari.

Mnaona? Nia yake ilikuwa nzuri. Lakini yeye ni mtu wa chuma, na kwake jiwe ni jiwe. Nkwimba alijua udongo mkavu ukitiwa maji unafanya nini. Alikuwa amepanga kuwaomba wazee walizike kavu. Hakumwambia mumewe, kwa sababu alishamwambia mara moja na hakusikilizwa.

Magadula akajaza bakuli, akalitumbukiza jiwe, akaosha taratibu, kama alivyokuwa akimwosha Jilala alipokuwa mchanga. Na jiwe likaanza kulegea. Akaharakisha kulishika. Likazidi kulegea.

Nkwimba aliporudi alimkuta mlangoni, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Mama Jilala," akasema, "nimemwosha. Nimemwosha vizuri kabisa. Ameniisha mikononi."

Nkwimba hakupiga kelele. Nyumba nzima ilinuka mvua ya kwanza. Akauliza tu, "Maji umemwaga?"

"Sijamwaga."

"Usimwage."

Wakakaa wawili, bakuli katikati yao, hadi lile tope likatuama chini.

Wakaenda kwa mzee Ngasa, mlinzi wa makaburi. Akachungulia bakuli, akatikisa kichwa kwa huruma. "Binti yangu, tope halina kaburi. Desturi inataka jiwe, tena jiwe linalooshwa."

"Mzee, nikikuletea jiwe lake, likaosheka, utanikatalia?"

"Likiosheka, siwezi."

Nkwimba akachuja tope, hakupoteza hata punje. Akalikanda na udongo wake kidogo, akalifinyanga kiasi cha ngumi, na mbele akaacha pengo dogo kwa ukucha. Likakaa kivulini siku saba. Sasa limebaki kuchomwa, na Nkwimba haruhusiwi kuwasha moto.

Magadula akavua talasimu yake ya fundi chuma, akaitundika mtini. Akaja kwenye shimo la kuchomea vyungu, mahali pasipokanyagwa na mwanamume, vijana wakicheka nyuma ya uzio.

"Niambie," akasema.

"Nyasi kwanza. Polepole. Acha kupuliza! Hiki si chuma."

"Ndiyo, mama."

"Sasa samadi. Sasa subiri."

"Ndiyo, mama."

Akasubiri mchana kutwa, machozi na moshi vikimtoka pamoja. Walipofukua majivu, jiwe lilikuwa zima, jekundu lenye mabaka meusi, na ukiligonga linalia ti!

Nkwimba akaliosha mbele ya wazee. Maji yakabaki safi. Mzee Ngasa akalifunga ngozi kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini udongo wa kaburi ulipoanza kushuka, Nkwimba, aliyelitafuta jiwe lile miaka minne, alijitupa shimoni akaanza kufukua kwa vidole. "Mtoeni! Sitaki tena! Mtoeni mwanangu!" Magadula akamshika kiuno, naye akilia, hadi shimo likajaa.

Jioni ile Nkwimba akawasha moto kwa mkono wake, mara ya kwanza baada ya miaka minne. Akasonga ugali. Akamega tonge, mkono ukaenda kwenye kile kibakuli kama ulivyozoea. Ukasimama hewani.

Magadula alimwangalia.

Nkwimba akalirudisha tonge, akalila mwenyewe.

Magadula alizeeka akiwaambia vijana wa tanuri jambo moja tu: mtu anayeujua udongo akikwambia huu ni udongo, weka mivukuto chini umsikilize, hata kama ni mkeo, hata kama unaumia. Nami nawaambia nyinyi, hasa wewe Doto.

Na mvua ya kwanza ikinyesha, wale wazee wawili walikuwa wanatoka nje, wanasimama uani bila kujikinga, wanavuta hewa.

Haya, kisa changu kimekaa kitako, mimi nimeutua mzigo, atakayeupenda aubebe. Nipeni ungo wangu nihesabu maganda.