Mamba wa Ukutani

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, mto ulipokuwa bado haujui mipaka, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mpunga. Sikuwapo. Lakini mashahidi wote, hata waliogombana, wanakubaliana hivi: ghala la kijiji lilikuwa na ukuta mrefu uliotazama mto, mtawala wa mbali alidai wanakijiji ni wageni, wahame, na mwamuzi angefika siku ya nne.

"Hatuna hati," watu walisema.

"Tuna ukuta," alijibu Mzee Buya, mjuzi wa mto. "Tukichora tunavyoujua mto, utatutolea ushahidi."

Wakachora. Ngeu, ule udongo mwekundu, chokaa, masizi. Chwa, chwa, chwa. Kila ukoo ulichora kiumbe unachokijua. Akaja kiboko, chwa, chwa. Akaja korongo, chwa, chwa. Akaja kambare, aliyechorwa na Jilo, mkulima wa sharubu ndefu.

"Shemeji, sharubu hizo ni zako," mashemeji zake walimtania Jilo.

"Ndiyo maana kapendeza."

Katikati ukapita mto wa ngeu. Waliouangalia sana walisinzia wamesimama, wakasikia maji.

Kisha Mzee Buya akachora mamba. Mikono yote ikatulia.

"Baba Maro, mfute," alisema mkewe. "Alimla mwanetu. Na mwamuzi akimwona, atasema hapa si pa kukaa watu."

"Nikimfuta, Mama Maro, ukuta utasema uongo."

Mwamuzi alifika, akaukagua ukuta hatua kwa hatua.

"Mzuri. Ila kila mtu hujisifia kwake." Akasimama mbele ya mamba. "Huyu amewapa nini?"

"Hakutupa kitu. Alimchukua mwanangu Maro, pale tunapochota maji," alijibu Mzee Buya.

"Na bado umemchora?"

"Mgeni hukumbuka kilichompendeza, bwana. Mwenyeji hukaa na kilichomuuma."

Mwamuzi akaugeukia ukuta. Akaweka kiganja juu ya mto wa ngeu, akasema, "Shahidi asemaye linalomuumiza, namsadiki. Hawa ni wa mto huu."

Wakabaki.

Baada ya hapo ushahidi unagawanyika. Wapo walioapa kwamba kiganja kilitoka kimelowa, do, do, do. Wapo waliosema ni jasho. Kwamba ngeu ilikuwa imekauka tangu juzi, hilo halina ubishi. Kwamba jua lilikuwa kali, hilo pia. Mama Maro, aliyesimama karibu kuliko wote, alisema tu kwamba alisikia mtoto akicheka majini.

Funzo ni hili: afichaye jeraha lake hupunguza uzito wa neno lake. Hadithi yangu naitua hapa. Hukumu nawaachia ninyi: kiganja kile kililoweshwa na nini?