Ukili Mwekundu wa Mashavu

Paukwa!
Pakawa!
Kuna nini huko juu?
Kuna pazia!
Nani kaligundua?
Msuka mikeka!

Hapo kale jua lilikuwa na pazia. Lilikuwa jembamba kuliko utando wa yai, wala halikuonekana kwa macho, lakini lilichuja ukali wa jua watu wasiungue.

Chini ya pazia hilo palikuwa na miji mitatu: Mwambani kwa matajiri, Bondeni kwa wakulima, na Nyikani kwa wafugaji. Miji hiyo haikupikika chungu kimoja.

Siku moja likaja zimwi lenye jicho moja na tumbo kama tenga, limejitwika vibuyu.

"Fungueni, mpoe! Fungueni, mpoe! Fungueni, mpoe!"

Kila kibuyu kilipofunguliwa kilitoa pumzi ya baridi. Maziwa hayakuchacha, samaki hawakuoza. Mwambani wakavipokea kwanza, kisha Bondeni, na mwisho kabisa Nyikani.

"Wataka nini, babu?" watu wakauliza.

"Sitaki kitu, wajukuu zangu. Fungueni tu."

Basi, hapo Mwambani aliishi Mashavu, msichana msuka mikeka, pamoja na mama yake na mdogo wake Kidawa. Wasukaji wa miji yote mitatu walikuwa na desturi moja. Rangi mpya ikishachemshwa, ukili mmoja, ule utepe wa ukindu wa kutengenezea mkeka, huning'inizwa juani, na siku zikahesabiwa mpaka upauke. Rangi njema hukaa siku thelathini.

Mwaka wa saba tangu vibuyu vije, ukili mwekundu wa Mashavu ulipauka siku ya ishirini.

"Umechemsha kwa haraka, mvivu wee," mama akasema.

Akachemsha upya. Siku kumi. Akachemsha tena, taratibu, mpaka jasho likamtiririka. Siku tatu!

Na siku hizo hizo macho ya Kidawa yakaanza kuingia ukungu. Mganga akayatazama, akatikisa kichwa. "Jua linamla macho. Likizidi hivi, mavuno atayasikia tu, hatayaona."

Mashavu akawaza: labda ni rangi, labda ni jua. Akachovya kili nne katika chungu kimoja, mmoja akauficha ndani gizani. Mmoja akautundika kwao, mmoja akampelekea msukaji wa Bondeni, mmoja msukaji wa Nyikani. Majibu yakarudi pamoja na kili: siku tatu, siku tatu. Ule wa gizani ulibaki mwekundu vilevile.

"Basi si rangi, mama. Ni jua."

Lakini jua limeharibiwa na nani? Kitu kipya kilichokuja miaka hiyo kilikuwa vibuyu tu. Mashavu akafungua kibuyu, akaweka sufi kwenye mdomo wa kibuyu hicho. Sufi ikapeperuka juu, juu, juu zaidi. Akaifuata mpaka kilimani. Huko akaona sufi imekusanyika kuzunguka tundu angani, na zimwi limekaa chini yake likiimba:

"Pumzi yangu, tafuna pazia! Wakipofuka nitawala, hakuna wa kunikimbia!"

Mashavu akashuka mbio hata ndara zikamkatikia.

Wakuu wa miji mitatu walipopata habari yake, wakakutana.

"Bondeni wafunge vibuyu kwanza," akasema mkuu wa Mwambani.

"Nyikani wafunge kwanza," akasema mkuu wa Bondeni.

Mkuu wa Nyikani akacheka kwa uchungu. "Kumbe! Mmekunywa maziwa baridi miaka saba. Sisi tumepata vibuyu juzi, ndipo mnakumbuka kuwa mna macho?"

Mashavu akasimama. Akatandika kili tatu mkekani.

"Shikamooni, wazee wangu. Kila mmoja achukue ukili wa mji wake."

Wakatazama. Wakazigeuza. Hakuna aliyeutambua wa kwake, kwa maana zote zilikuwa nyeupe sawasawa.

Kisha mkuu wa Mwambani akasema, "Mzee wa Nyikani, umesema kweli. Wafinyanzi wetu wanajua chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa maji. Maziwa hupoa humo. Watakuja kwenu kwanza, kisha Bondeni. Halafu tufunge wote siku moja."

"Hapo sawa, ndugu yangu," akajibu yule wa Nyikani.

Siku ikafika. Zimwi likapita Mwambani: "Fungueni, mpoe!" Wakajibu, "Tumefunga!" Likaenda Bondeni: "Tumefunga!" Likakimbilia Nyikani: "Tumefunga!" Pumzi yake imefungiwa vibuyuni, ikaliishia, likanyauka kama ganda la ndizi, upepo ukalichukua.

Mashavu akatundika ukili mpya. Siku tatu.

"Mbona bado, mama?" akalia.

"Pumzi iliyokwisha kupanda bado inatafuna, mwanangu. Pazia litajishona lenyewe, mradi hakuna anayelichana."

Basi akamsukia Kidawa kofia pana ya ukindu, naye Kidawa akaivaa kila atokapo. Msimu uliofuata, siku tano. Mwingine, siku kumi. Miji mitatu ikawa inapelekeana habari za kili kama watu wanaojuliana hali ya mgonjwa.

Siku moja Mashavu yuko uani anasuka, Kidawa akatoka mlangoni, akainua ukingo wa kofia yake.

"Dada, leo siku ya ngapi?"

"Ya thelathini."

"Mbona ule ukili bado mwekundu?"

Mashavu akageuka. Hakuutazama ukili kwanza. Aliyatazama macho ya mdogo wake. Kisha akakaa chini vumbini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Vibuyu vimefungwa, nami nafunga kinywa. Jua ni la wote, na pazia lake hulindwa na wote. Aliyetangulia kufaidi, atangulie kusaidia.