Kadhi Aliyeikimbilia Hukumu Yake Kuitengua

Wanavyuoni wamepokea kutoka kwa waliowatangulia kwamba palikuwa na kadhi katika mji mmoja wa milimani huko Yemen, jina lake Sabiq bin Waddah, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa ibada na elimu pana, na kwa miaka yote aliyoketi kwenye kiti cha hukumu haikupata kusikika kwamba ametengua hukumu yake hata moja. Watu wa mji walilisema jambo hilo kwa fahari, wakawasimulia wageni. Naye, bila ya kujijua, akazoea kulisikia.

Ikatokea asubuhi moja akaletewa shauri la mjane aitwaye Lubaba, aliyekuwa akimlea binti yake mdogo, Jumana. Shemeji yake, Dhakwan, ndugu wa marehemu mumewe, alikuja kutoka bonde la mbali kudai apewe mtoto. Alidai kwamba mama yule humwacha binti peke yake kutwa nzima, akaenda zake kwenye kazi ya kutia nguo rangi. Akaleta mashahidi wawili, watu wa kuheshimika. Kadhi akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono ili baraza linyamaze atoe hukumu.

Lubaba akasema, kwa sauti iliyomfikia kila mtu, "Mheshimiwa Kadhi, umewauliza wao. Mimi hujaniuliza."

Maneno yake yalikuwa ya haki. Lakini baraza lilikuwa limejaa, na siku ile alihudhuria mjumbe wa Wali, mtawala wa jimbo, aliyetumwa kumtazama Sabiq kwa kuwa Wali alikusudia kumfanya kadhi mkuu wa jimbo zima. Huko nyuma mtu mmoja akacheka kidogo. Kadhi akahisi uso wake umepata moto. Akamwambia mjane kwamba baraza si mahali pa kumfundisha kadhi kazi yake, akahukumu kwamba mtoto aende kwa ami yake, na safari iwe siku ile ile baada ya swala ya alasiri. Lubaba akamshika mwanawe mkono, wakatoka.

Wakati wa kurudi nyumbani Sabiq alisindikizwa na watu wa baraza lake. Walimsifu kwa namna alivyoilinda heshima ya mahakama, na mmoja wao akasema kwamba mjumbe wa Wali bila shaka ameridhika. Sifa zile zilimwingia vizuri, kama siku zote. Mpaka alipofika mlangoni pake ndipo alipotambua kwamba miongoni mwao wote hapana aliyemtaja mtoto.

Mkewe, Bi Umaima, mwanamke mcha Mungu na mchache wa maneno, alikuwa amekwisha kuzisikia habari kwa majirani. Alimwandalia chakula, akamwacha ale matonge mawili matatu, kisha akamwuliza kwa upole, akimwita kwa jina la mwanawe, "Abu Nuhaim, lau yule mama angenyamaza, ungehukumu vile vile?"

Sabiq akakisukuma kando chakula kilichobaki.

Akanawa mikono, akaenda kukaa peke yake. Na hapa, ndugu zangu, tumwangalie mja huyu alivyopambana na nafsi yake, maana mapambano hayo ni makali kuliko ya upanga. Nafsi haikumwambia, jivune. Ilikuja kwake na kanzu ya dini. Ilimwambia kwamba mashahidi walitimia. Kwamba kadhi akianza kutengua hukumu, watu wataidharau sheria. Kwamba akipata ukadhi mkuu atawafaa Waislamu wengi zaidi, na mtoto hatakufa kwa kulelewa na ami yake. Kila hoja ilikuwa na sura nzuri. Sabiq akazipima moja moja, akaona kwamba zote zimezaliwa baada ya hukumu, na kabla ya hukumu hapakuwa na kitu moyoni mwake isipokuwa kile kicheko cha mtu wa nyuma. Akasema, "Astaghfirullah. Nimemnyang'anya mama mwanawe kwa sababu ya uso wangu."

Adhana ya alasiri ikasikika. Baada ya swala alisimama mbele ya jamaa wote, mjumbe wa Wali akiwa safu ya kwanza, akatamka kwamba hukumu ya asubuhi ameitengua, kwani aliitoa akiwa na ghadhabu na bila ya kumsikiliza mdaiwa. Na kwamba yeye hafai tena kulisikiliza shauri lile, atalisikiliza naibu wake. Hakungoja kuona nani anamtazama vipi. Alitoka akaelekea kwa Lubaba, akamkuta amekaa kizingitini, mikono yake ya rangi ya nili imelala mapajani, mtoto hayupo.

Alipotaka kumwomba radhi, Lubaba alimkatiza. "Radhi yangu utaipata, ewe Kadhi. Kwanza nirudishie mwanangu, wamekwisha kushuka langoni."

Basi yule mzee aliyezoea kutembea kwa haiba, watu wakimpisha, akakimbia. Alikimbia mteremko mzima wa soko, kilemba kimelegea, kiatu kimoja kimebaki nyuma, na wenye maduka wakitoka nje kumshangaa. Alimkuta Dhakwan amekwisha kumpandisha Jumana juu ya nyumbu. Dhakwan akamkumbusha kwamba kadhi wa mji huu harudi nyuma.

"Leo amerudi," akasema Sabiq, akihema. "Mimi ndiye niliyekosea. Mteremshe."

Naibu alilisikiliza shauri siku ya pili. Majirani wawili wa Lubaba walishuhudia kwamba mtoto hushinda kwao kila mama yake anapokwenda kazini, na wale mashahidi wa kwanza wakakiri kwamba walimwona peke yake mara moja tu, wakiwa wapita njia. Jumana akabaki kwa mama yake, na Lubaba akampa Sabiq radhi aliyomwahidi.

Ama ukadhi mkuu, ulikwenda kwa mwingine, kwani mjumbe alimwandikia Wali kwamba mtu huyu hujikana hadharani. Inasemekana Sabiq alipoletewa habari hizo alisujudu sijda ya kushukuru, kisha akamwambia mkewe kwamba lau cheo kile angekipata wiki moja kabla ya shauri lile, pengine asingelisikia swali alilomwuliza wakati wa chakula.

Tuzingatie, enyi ndugu. Mtu huyu hakuwa dhalimu. Alikuwa mwema aliyepatia kwa muda mrefu, akasifiwa kwa kupatia, mpaka kukosea kukawa ni jambo asiloweza kulitazama. Wengi wetu tulio na watu chini yetu, wake na waume, tuko njia hiyo hiyo. Mola wetu atupe nafsi zinazoulizika, atupe na watu wa kutuuliza. Na siku tutakapomdhulumu mtu kwa ajili ya nyuso zetu, atupe miguu ya kukimbia kabla mtoto hajavuka lango.