Kufuli Saba na Mfuko Mmoja

Wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini chawa walikuwa nao. Waligundua kwamba mtu anaweza kusimama mlangoni na rungu akimsubiri adui, kumbe adui yumo kwenye kola ya shati lake, anakula taratibu wala hana haraka. Ndipo wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Kuna fundi mmoja wa kufuli aliyeisikia methali hiyo tangu utotoni, akaitikia kwa kichwa kila mara, na asiielewe hata chembe hadi Ijumaa moja saa nane mchana.

Watu walimwita Baba Kufuli. Nyumba yake ilikuwa na kufuli saba: mbili mlango wa mbele, mbili wa nyuma, moja jikoni, moja kwenye pipa la maji, na ya saba, kubwa kama ngumi ya bondia, kwenye kizimba cha chuma alichokiunda mwenyewe ili kuifungia kompyuta ya familia. Ufunguo wa kizimba aliuvaa shingoni.

"Virusi vitapita wapi hapa?" aliwauliza wageni huku akivigonga vyuma. Hakuna aliyembishia, kwa kuwa wengi walikuwa wamekuja kuchongewa funguo, na mtu hagombani na anayeshika mlango wake.

Aliyeitumia kompyuta hiyo hasa ni mkewe, fundi wa kutarizi. Alichora maua kwenye skrini, kisha mashine yake ikayashona kwenye kitambaa. Wiki hiyo alikuwa na kazi iliyomnyima raha. Bibi harusi mmoja alimletea kipande cha gauni la marehemu mama yake, kilichochakaa hadi kikawa kama majivu. Alitaka maua yaleyale yawe kwenye gauni lake. Mkewe Baba Kufuli, aliyeitwa Mama pale nyumbani, aliyanakili ua kwa ua kwa wiki tatu, na siku alipomaliza, kile kipande kikamsambaratikia mikononi. Tangu hapo maua ya marehemu yalibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kizimba. Gauni lingechukuliwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na harusi ilikuwa kesho yake.

Ijumaa saa tatu asubuhi Mama alifunguliwa kizimba, akawasha kompyuta. Mafaili yote yalikuwa yametoweka. Mahali pake palikuwa na vimshale vidogo ambavyo ukivibonyeza havifungui kitu.

"Baba Chiriku! Njoo uone!" alimwita mumewe.

Baba Kufuli alikuja mbio, akakagua kufuli ya kizimba. Ilikuwa nzima. "Ni shemeji huyo," akahukumu. "Si ndiye aliyeishika mwezi uliopita?"

Shemeji ni mdogo wake Mama, fundi wa kompyuta. Kosa lake lilikuwa kuweka humo programu ya kuzuia virusi na kuwasihi wasichomeke flashi yoyote kabla haijakaguliwa. Aliitwa, akaja na kompyuta yake ya mkononi na uso wa daktari aliyeitwa na wachawi.

"Programu niliyoweka imezimwa," alisema. "Nani kaizima?"

Baba Kufuli aliitazama dari kama aliyeombwa kuhesabu misumari yake. Binti yao, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na kufuli, alimtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza maishani akanyamaza.

Mjomba wake Chiriku, yaani huyo shemeji, alifanya kazi hadi saa sita. Kirusi kilikuwa kimeyaficha mafaili tu, hakijayafuta. Alikiondoa na maua yakarudi. Mama alishusha pumzi, akaenda kupanga nyuzi. Mjomba akaenda kunawa.

"Nendeni tu," alisema Baba Kufuli kwa sauti ya jenerali. "Nalinda mimi."

Saa saba Mama alirudi na nyuzi zake. Skrini ilikuwa na vimshale tena. Mbaya zaidi, faili la maua halikuwapo hata kwa kutafutwa.

"Safari hii halikufichwa," Mjomba alisema, jasho likimtoka puani. "Limefutwa, na jalala la kompyuta likamwagwa. Kuna kitu mnachomeka humu, dada. Niambieni ukweli."

"Ukweli ni wewe!" Baba Kufuli alifoka. "Unaitengeneza mchana ili iharibike jioni, upate kuitwa tena ule wali wa dada yako!"

Mama aliziangusha nyuzi. Mjomba alikunja waya wake polepole, akaufunga mkoba, akaelekea mlangoni. Akasimama, maana mlango ulikuwa na kufuli mbili.

"Nifungulie, shemeji," alisema. "Sitarudi tena hapa."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika tano. Baba Kufuli alitoa rundo la funguo, akainama kutafuta ufunguo sahihi. Hapo kitu chekundu kikaning'inia kutoka mfuko wa shati lake.

"Baba," alisema Chiriku, "hiyo kamba ni ya nini?"

"Ya ufunguo."

"Ufunguo unaouvaa shingoni?"

Mama alimsogelea mumewe, akaivuta ile kamba. Mwishoni palikuwa na flashi, ileile ambayo mumewe aliitumia kupelekea tangazo lake kwenye duka la kuchapisha, ambako ilichomekwa kwenye kompyuta inayochomekwa flashi za mtaa mzima.

"Nilitaka kuyalinda maua," Baba Kufuli alisema, sauti imempungua. "Nilitunza nakala humu, jana na leo. Ile programu ilikuwa inapiga kelele kila nikichomeka, nikaizima, na leo nikaizima tena. Na leo nilipoona vimshale, nikafuta kila nilichoona kigeni, nadhani hata maua yenyewe, nikamwaga na jalala."

"Umesema nakala?" Mjomba aligeuka. "Lete hiyo kitu!"

"Shemeji, kwanza nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele ya mtoto."

"Nitakusamehe baadaye! Lete!"

Mjomba aliichomeka flashi kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaikagua mara mbili. Ikatema virusi kumi na kimoja. Chini yao, limefichwa lakini zima, lilikuwapo faili la maua. Mama aliketi sakafuni, akalia.

Walisafisha kompyuta, wakaiwasha programu, na saa tisa na nusu mashine ikaanza kunguruma. Baba Kufuli alipewa kazi ya kukishika kitambaa kisijikunje. Alikishika kwa saa mbili na nusu bila kuketi wala kutoa ushauri, jambo ambalo familia haikuwahi kulishuhudia.

Saa kumi na mbili bibi harusi alibisha. Alilisogelea gauni. Alipitisha kidole juu ya shina lililopinda la ua la kwanza, akauliza kwa sauti ndogo, "Mlimjua mama?"

Alipoondoka, Baba Kufuli aliuvua ufunguo wa kizimba shingoni akamkabidhi mkewe. Kisha, bila kuambiwa, akageuza mifuko yake yote nje mbele ya shemeji, mmoja baada ya mwingine, hata wa nyuma.

Kufuli zilikuwa saba na zote zilikuwa nzima, kwa maana hakuna mwizi aliyezigusa. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.