Kiboko na Programu ya Bure

Niwaambie?
Tuambie!
Niseme kweli tupu?
Tia na uongo kidogo!

Palikuwa na Kiboko, mkaazi wa bwawa la Mtopeni. Palikuwa pia na Pimbi. Wengine humwita pelele, wengine wibari; mwenyewe alisema jina lake ni Pimbi, nasi tutamwita hivyo hivyo.

Pimbi alitunga programu ya kompyuta ya kuandikia barua, akaiita Kalamu Huru. Aliwapa wanyama wote bure. Hata maandishi ya ndani, yale yanayoiendesha, aliyaacha wazi, ili anayeona kasoro airekebishe. Swala akarekebisha. Nyani akarekebisha. Kiboko hakurekebisha hata nukta. Kiboko alilalamika.

Asubuhi, pu! pu! pu! mezani. "Pimbi! Programu yako nzito!"

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo ya nini? Inafunguka kama kobe mgonjwa!"

Mchana, pu! pu! pu! "Pimbi! Mbona haina herufi za dhahabu?"

Jioni, pu! pu! pu! "Pimbi! Mjinga gani alitunga takataka hii?"

Pimbi alichunguza, akaona. Miaka kumi na mmoja Kiboko hakuwahi kufungua faili jipya. Kila barua aliiandika chini ya barua ya zamani, faili lile lile moja, mpaka likafika kurasa elfu tisa.

"Mzee, ungefungua faili jipya tu..."

Pa! Kofi. Pimbi akabiringika mpaka mlangoni.

"Unifundishe kuandika wewe, panya usiye na mkia?"

Mwaka ule jua liliwaka, mito ikakauka. Maji yakabaki Mtopeni peke yake. Sheria ilisema: anayetaka kumiliki bwawa alete ombi lililochapishwa kwa Karani Kanga, kabla ya adhuhuri ya siku ya mwisho. Lisipoletwa, bwawa ni la wote.

Kiboko akaandika, chini kabisa ya faili lake: "Bwawa liwe langu peke yangu. Wengine walambe umande."

Siku ya mwisho, asubuhi, akamwita Pimbi aje amchapishie. Pimbi akasoma. Nyumbani watoto wake walikuwa na ndimi kavu. Alikasirika, lakini sauti yake ikatoka laini.

"Mzee, leo matakwa yako yote nayatimiza. Unataka herufi za dhahabu?"

"Weka!"

"Kwenye ombi tu, au faili zima?"

"Zima!"

"Na picha yako?"

"Kila ukurasa!"

"Ukiwa umefunga mdomo?"

"Umefunga nini? Meno yote yaonekane!"

"Itakuwa nzito, mzee."

"Visingizio! Kila siku visingizio! Mimi mkubwa, changu kiwe kikubwa. Weka!"

Pimbi akaweka, akafunga faili. "Tayari. Lifungue, tuchapishe."

Kiboko akabonyeza. Kompyuta ikanguruma: nguru, nguru, nguru. Ukurasa wa kwanza, meno. Nguru, nguru. Ukurasa wa pili, meno. Jua likapanda. Ukurasa wa mia, meno.

"Pimbi! Ziondoe picha!"

"Nitaziondoa, mzee. Likishafunguka."

Nguru, nguru. Ukurasa wa mia nne, meno. Jua likasimama utosini. Kiboko akatoka mbio, ardhi ikilia ti! ti! ti! mpaka kwa Karani Kanga. Kanga alikuwa anafunga daftari.

"Ngoja! Programu ni mbovu!"

"Ombi liko wapi?"

"Linafunguka!"

"Basi likifunguka, lete mwakani." Kwa! Daftari likafungwa.

Wanyama wakashuka bwawani, wakanywa. Watoto wa Pimbi wakanywa mpaka matumbo yakawa magumu kama ngoma. Kiboko naye akapangwa kwenye foleni, nyuma yao.

"Foleni gani hii?" akafoka. "Haiendi! Na maji yenyewe vuguvugu!"

Kisa changu nakitua hapa. Mwenye mabega na akibebe. Na fundisho lake, watoto, mlishike vizuri: ukipewa kitu bure, kitukane asubuhi, mchana na jioni, wala usichoke. Siku moja aliyekitengeneza atakupa kila ulichokitaka.