Jina la Mtoto Aliyekua Nje ya Kizazi

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya fisi kuoa na sungura kuwa hakimu, nasema zamani hii ya juzi tu, palikuwa na mama mmoja huko Rungwe, kwenye milima ya migomba na mvua isiyojua kuaga. Jina lake Sekela. Mumewe aliitwa Anyosisye, fundi seremala, mtu wa maneno machache, lakini akishasema amesema.

Wawili hao walingoja mtoto mpaka majirani wakachoka kuuliza. Kisha, siku ambayo hawakuitegemea, Sekela akapata mimba. Anyosisye akaacha kazi za watu, akachonga kitanda cha mtoto, akakipaka vanishi, akakaa anakitazama kama vile kimechongwa na mtu mwingine.

Mimba ikakua. Lakini jamani, ilikuwa mimba ya ajabu. Wanawake wengine husema mtoto anacheza tumboni. Mtoto wa Sekela alikuwa kama anacheza chini ya ngozi tu. Akirusha mguu, mguu unaonekana. Na kila akijigeuza, mama yake anauma meno kwa maumivu.

"Mume wangu, shika hapa," Sekela akasema. "Hiki ni kisigino."

Anyosisye akashika. Kweli, kisigino. Akaurudisha mkono haraka kama aliyegusa chungu cha moto.

Sekela akaenda kliniki. Wakampima, wakamwambia, "Mama, mapigo ya mtoto ni mazuri. Amelala mkingamo tu, atageuka." Akarudi nyumbani. Maumivu yakazidi, akaenda tena. Wakampima, wakamwambia, "Mapigo mazuri, mama. Atageuka." Akarudi nyumbani. Alipokwenda safari iliyofuata, akaambiwa yale yale, naye akakaa kwenye benchi akakunja mikono.

"Siondoki," akasema. "Mtoto huyu hakukaa sawasawa. Nyie mnamsikiliza kwa dakika moja, mimi nashinda naye na kulala naye."

Walipoona haondoki, wakamwandikia aende hospitali kubwa ya mlimani. Huko akalazwa. Wakubwa wakakaa kikao, wakaamua kuwa mimba imeshakomaa, basi kesho yake atundikiwe dripu ya uchungu ajifungue yaishe. Lakini kabla ya dripu, wakasema, apigwe picha ya ultrasaundi mara moja tu, kwa utaratibu.

Daktari wa picha aliitwa Hidaya, mwenyeji wa Pangani, mwanamke mcheshi ambaye hata mashine yake aliisalimia asubuhi. Siku hiyo ucheshi ulimwisha ghafla. Alipitisha kile kifaa juu ya tumbo la Sekela, akarudi, akapitisha tena. Akamwambia ageukie kushoto, akamwambia ageukie kulia. Wagonjwa wengine wakaanza kunung'unika mlangoni.

"Daktari," Sekela akauliza, "mtoto yupo?"

"Yupo, dada yangu. Mzima kabisa." Hidaya akapunguza sauti. "Lakini hayumo chumbani mwake."

"Chumba gani?"

Hidaya akamgeuzia kioo. "Hiki hapa chini, kidogo, kimejikunja. Hiki ni kizazi chako. Hakina kitu. Mimba imeshika nje yake, mtoto amekulia humu kwenye tumbo, katikati ya utumbo. Na kondo la nyuma limejishikiza kwenye utumbo huo huo."

Sekela akatazama kioo, kisha akatazama tumbo lake. Halafu, msikilizaji, yule mama akacheka! Akacheka mpaka machozi. "Niliwaambia!" akasema. "Niliwaambia hakukaa sawasawa!"

Lakini Hidaya hakucheka. Alijua mtoto wa namna hiyo hana njia ya kutokea. Ile dripu ingetundikwa, uchungu ungekuja na mtoto asingekuja, na mama angeondoka naye. Akatoka mbio na picha yake mkononi. Wenzake wengine wakamwambia, "Hidaya, umechoka, kanywe chai." Hakunywa chai. Aliwavuta mmoja mmoja mpaka kwenye mashine waone kwa macho yao.

Asubuhi hiyo hiyo dripu ikafutwa, chumba cha upasuaji kikatayarishwa. Sekela akapelekwa kwa kitanda cha magurudumu, na Anyosisye akatembea pembeni ameshika kidole chake kimoja. Pale mlangoni, mbele ya manesi na watu waliokuja kuona wagonjwa, fundi yule wa maneno machache akasema kwa sauti:

"Mke wangu na mtoto wangu wakitoka humu wazima, mtoto huyu ataitwa jina la yule atakayekuwa amemwokoa. Mmenisikia wote."

Walimsikia wote. Mlango ukafungwa.

Yaliyofuata Sekela hakuyaona, maana alichomwa nusukaputi akalala. Aliyasikia baadaye vipande vipande, kila mtu na kipande chake. Nami nawasimulia kama alivyoyaunganisha mwenyewe.

Mpasuaji aliitwa Dokta Rweyongeza, mtu wa Bukoba, mrefu, ambaye akipasua huimba kwa pua. Alikuwa amezalisha kwa kisu akina mama wengi sana, lakini mtoto wa namna hii alikuwa hajawahi kumwona. Akaomba Mungu, akaacha kuimba, akapasua. Mtoto huyu hapa! Hakuna ukuta wa kizazi wa kupita, hakuna mlango, mtoto amejikunja ndani ya utando mwembamba kama ganda la kitunguu, miguu imepenya kati ya utumbo. Kidole kikikosea, utumbo unatoboka. Rweyongeza akamfungua taratibu, mguu huu, mguu ule, mkono, kichwa, akamtoa. Mtoto wa kike. Akapiga kelele ambayo hata watu wa nje waliisikia, na Anyosisye akakaa chini sakafuni.

Mle ndani watu wakafurahi. Katika furaha ile mkono wa Rweyongeza ukafanya kilichozoeleka. Mtoto akitoka, kondo hufuata. Mkono ukalishika kondo.

Mwenzake aliyesimama upande wa pili wa kitanda, Dokta Naserian, mpasuaji kutoka Monduli, akamdaka kifundo cha mkono.

"Usilivute!"

"Naserian, unafanya nini?"

"Usilivute, kaka. Nimesoma habari ya mama mmoja aliyekuwa hivi hivi. Iliandikwa katika jarida la madaktari miaka mingi iliyopita. Walimtoa mtoto, wakavuta kondo, damu ikamwagika kama mto, hawakuweza kuizuia. Mama akafa pale pale. Daktari wake akaandika yote, na mwishoni akaomba: atakayekutana na mgonjwa kama huyu, amtoe mtoto, afunge kitovu, kondo aliache humo humo. Mwili utalimaliza wenyewe polepole."

Rweyongeza akatazama mkono wake. Akaufungua. "Ahsante," akasema. Wakafunga kitovu, wakaliacha kondo.

Lakini ukingo mmoja ulikuwa umeshabanduka wenyewe kabla hawajaligusa, na damu ilikuwa inatoka. Wakabana, ikapungua, haikukoma. Na damu ya Sekela ni kundi O hasi, lile ambalo kwetu ukilitafuta unaweza kuzunguka soko zima usimpate mtu. Chupa iliyokuwepo ikaisha. Nesi akatoka ukumbini akapiga kelele, "O hasi! Kuna mwenye O hasi hapa?"

Watu wakatazamana. Kisha mwanamke mmoja aliyebeba kapu la ndizi za kupika akaliweka chini.

"Mimi," akasema. "Walinipima kwenye uzazi wangu, wakanionya nisisahau. Ni nani anayetaka?"

"Mama mmoja, Sekela."

Mwanamke yule akavuta pumzi. Huyu, wasikilizaji wangu, alikuwa Tupokigwe, jirani wa Sekela, uzio kwa uzio. Na Tupokigwe na Sekela walikuwa hawasalimiani tangu ng'ombe wa kina Sekela alipovunja uzio akala bustani nzima ya maharage, wakatupiana maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Tupokigwe alikuja hospitalini kumletea dada yake chakula, hakuja kwa Sekela.

Akamtazama Anyosisye pale sakafuni. Akakunja mkono wa gauni.

"Damu natoa," akasema. "Lakini ng'ombe wenu mfungeni!"

Wakaipima, ikakubali. Ikatoka kwa Tupokigwe ikiwa bado ya moto, ikaingia kwa Sekela. Daktari wa usingizi, aliyekuwa ameanza kutikisa kichwa, akaacha kukitikisa. Midomo ya Sekela ikarudiwa na rangi. Damu ikaganda, ikakoma. Rweyongeza akashona, na alipofika katikati ya kushona, akaanza tena kuimba kwa pua.

Sekela alipoamka, kitu cha kwanza alichokiona ni Anyosisye amebeba mtoto kama anayebeba vyombo vya kioo vya watu.

"Anafanana na nani?" akauliza.

"Na kisigino kile," Anyosisye akajibu.

Siku za kukaa wodini Sekela alipata nguvu, akala, akanyonyesha. Siku moja Naserian akaja kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, tunaomba ruhusa yako. Tunataka kuiandika habari yako kwenye jarida, ili daktari mwingine, popote alipo, akimpata mama kama wewe, ajue la kufanya."

"Niandikeni," Sekela akasema kwa furaha. "Sekela wa Rungwe!"

"Jina hatuandiki, mama. Siri ya mgonjwa. Tutaandika mama fulani, mkulima, mimba ya kwanza."

Sekela akacheka. Halafu akauliza, "Na yule mama wa kwenye jarida lako, yule aliyekufa. Aliitwa nani?"

"Hakuandikwa jina," Naserian akasema. "Waliandika alikuwa mkulima na hiyo ilikuwa mimba yake ya tatu. Basi."

Sekela akamvuta mtoto karibu.

Mama na mwana wakarudi nyumbani. Ikapangwa siku ya kumpa mtoto jina, na sherehe ikawa sherehe kweli. Mbuzi, ndizi, maziwa ya mgando, kwaya mbili zilizokuwa zinashindana waziwazi. Madaktari wakaja na gari la hospitali, Hidaya akiwa wa kwanza kuruka kucheza. Tupokigwe akaja kwa mguu, ameshona gauni jipya. Ng'ombe alikuwa amefungwa.

Mchungaji akasimama. Anyosisye akasema, "Niliahidi, na ahadi ipo. Mtoto ataitwa jina la aliyemwokoa. Sasa ajitokeze."

Wakajitokeza wote!

Hidaya akasema, "Mtoto aitwe Hidaya. Wote walimsikia, mimi ndiye niliyemwona. Kesho yake tu mngemtundikia mama yake dripu. Ondoeni macho yangu katika habari hii, halafu mnionyeshe mtoto yuko wapi!"

Watu wakapiga makofi.

Rweyongeza akasema, "Kuona ni kuona, lakini picha haimtoi mtoto. Nani aliyeingia katikati ya utumbo akamtoa bila kumkwaruza? Jina langu ni la kiume, sawa, lakini nina mama mzazi, anaitwa Kokushubila. Mtoto aitwe Kokushubila. Ondoeni mkono wangu katika habari hii, halafu mnionyeshe mtoto yuko wapi!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Naserian akasema, "Mkono wako naujua, kaka, maana mimi ndiye niliyeudaka. Ungevuta, leo tungekuwa na yatima. Mtoto aitwe Naserian, kwetu maana yake ni mwenye amani. Ondoeni nilichokisoma katika habari hii, halafu mnionyeshe mama yake yuko wapi!"

Makofi. Vigelegele. Rweyongeza mwenyewe akapiga makofi.

Tupokigwe akajitokeza polepole, akaweka sawa kilemba chake. "Wenzangu mlikuwa kazini kwenu," akasema. "Mimi nilikuwa na kapu la ndizi. Na nilikuwa na sababu ya kugeuza uso, nyote mnaijua. Sikuugeuza. Ondoeni damu yangu katika habari hii, halafu mnionyeshe huyo mama yuko wapi!"

Hapo vigelegele vikafika mpaka bonde la pili, na Sekela akaenda akamkumbatia. "Ndaga, dada," akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga sana." Wakakaa wameshikana, mtoto katikati yao.

Anyosisye akakuna kichwa. Aliahidi jina moja, na mbele yake wamesimama wanne, na kila mmoja amesema kweli.

"Mke wangu," akasema, "wewe unasemaje? Ni wewe uliyekaa kwenye benchi ukakataa kuondoka. Hata wewe unaweza kudai."

Sekela akampangusa mtoto mdomo. "Mimi sidai," akasema. "Lakini kuna mmoja hamkumwalika. Naserian alisoma, ndiyo. Alisoma nini? Alisoma kifo cha mama mmoja. Yule mama hakuiona picha, hakupata wa kumdaka daktari wake mkono, hakupata jirani wa O hasi. Alikufa, wakaandika, nami nikapona. Wenzangu mlinipa mlichokuwa nacho, na nyumbani mlirudi. Ondoeni mama yule katika habari hii, halafu mnionyeshe mimi niko wapi."

Kwaya zote mbili zikaacha kushindana.

"Lakini mama Sekela," mchungaji akasema kwa upole, "huyo hana jina. Tutampaje mtoto jina la mtu asiye na jina?"

"Hilo ndilo ninalowauliza," Sekela akasema, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Mmoja wenu amtafutie."

Mtoto akapiga chafya. Watu wote wakacheka, maji yakaletwa kwenye bakuli, mchungaji akachovya vidole. Akauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Nami hapo nimefika, siendi mbele hata mkinipa ugali wa moto. Hidaya aliona. Rweyongeza alitoa. Naserian alizuia. Tupokigwe aligawa. Na yule mkulima wa mimba ya tatu alikufa, hata hakujua kama kuna atakayepona kwa ajili yake. Vidole vya mchungaji vinadondosha maji, mtoto ameshaanza kulia, na Anyosisye anawatazama ninyi. Je, mtoto yule alistahili jina la nani?